Mlimani na Mishahara ya Wakubwa

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wapatao 400 waliandamana hadi Ikulu ya Dar es Salaam, majoho ya kitaaluma mabegani na mabango mikononi. Wengi walitoka Chuo Kikuu pale Mlimani, wengine vyuo vingine vya mjini. Walikuwa wanapinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Serikali ilitaka kila mhitimu akae kambini miezi mitano, kisha afanye kazi miezi 18 kwa mshahara uliokatwa sehemu kubwa. Bango moja lilidai kwamba afadhali enzi za mkoloni. Miaka mitano ilikuwa haijatimia tangu bendera ya Mwingereza ishushwe, na maneno hayo yalikuwa yanainuliwa mbele ya Rais Julius Nyerere, nyumbani kwake.

Mwalimu Nyerere aliwapokea akiwa na mawaziri wake, akawaacha wasome tamko lao hadi mwisho. Walisema masharti yasipobadilika, miili yao inaweza kwenda kambini lakini roho zao zitabaki nje. Wakaongeza kwamba kama suala ni kujinyima, wakubwa wenye mishahara minono waanze wao. Akajibu, na kadiri alivyoendelea ndivyo hasira ilivyompanda. Kuhusu JKT hakurudi nyuma hata hatua moja: hatamlazimisha mtu ambaye roho yake haimo, lakini mtu huyo hana nafasi chuoni. Kuhusu mishahara, aliwashangaza. Alikubali kwamba ni mikubwa mno, wa kwake ukiwemo, akatangaza papo hapo kuupunguza kwa asilimia 20. Kisha akawaamuru warudi makwao. Karibu wote walifukuzwa, wakasafirishwa hadi mikoani chini ya ulinzi.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha wasomi wabinafsi na baba wa taifa aliyewachapa. Ubinafsi ulikuwepo, sikatai. Ila ni vizuri kuuliza ulitoka wapi, maana vijana hawa hawakuuokota njiani.

Chuo chenyewe kilifunguliwa Oktoba 1961, ndani ya jengo la chama cha TANU kwenye mtaa ambao leo tunauita Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Nchi ilikuwa na wahitimu wa kuhesabika, na wakoloni walikuwa wanafungasha. Kijana aliyeingia Mlimani mwaka 1964 alijua kwamba ofisi fulani inamsubiri, pamoja na nyumba ya serikali na mkopo wa gari. Kijijini walijua pia. Kuna ndugu walioacha shule ili yeye asome, kuna ng'ombe waliouzwa, na kila aliyemsindikiza kituo cha basi alikuwa na hesabu zake. Mshahara ambao JKT ilitaka kuukata ulikuwa umeshagawanywa kabla haujaanza kulipwa.

Tena Wakenya na Waganda waliokaa nao madawati mamoja, chini ya walimu walewale wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, sheria ile haikuwagusa. Tukitaka kujua nini kilimpa mwanafunzi wa 1966 msimamo wake, tutakosea kuanzia kwenye vitabu alivyosoma. Tuanzie kwenye kile alichokuwa anakisubiri. Joel Barkan, mtaalamu wa siasa wa Marekani aliyewadodosa wanafunzi wa Tanzania, Uganda na Ghana na kutoa kitabu mwaka 1975, aliwaona wengi wao kuwa watumishi wa serikali watarajiwa kuliko watu wa kupindua chochote. Nadhani alikuwa sahihi kuhusu wengi. Waliobaki ndio walioifanya Mlimani ijulikane duniani.

Miezi mitatu na ushee baada ya maandamano, tarehe 5 Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Viongozi walipigwa marufuku kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa kwenye makampuni na kupangisha nyumba. Mabenki yakataifishwa. Mwezi uliofuata Mwalimu akatoa Elimu ya Kujitegemea, na Mlimani ukafanyika mkutano wa kujadili chuo kikuu kina kazi gani katika nchi inayojenga ujamaa. Wengi wa waliofukuzwa waliomba radhi na kurudishwa mwaka uleule wa 1967. Walikuta chuo kimebadilika lugha. Walipoondoka, neno "ubepari" lilikuwa la mkutano wa hadhara. Waliporudi lilikuwa la mtihani. Lawama yao kwamba wakubwa wanakula sana ilikuwa imegeuzwa kuwa sera ya nchi, na wao wenyewe walikuwa wanatajwa kama mfano wa ugonjwa ambao sera hiyo inautibu.

Ndani ya hali hiyo walikuja walimu ambao majina yao bado yanatajwa. Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, alifika mwaka 1966 akiwa na shahada ya uzamivu ya London na umri wa miaka 24. Aliondoka mapema 1968 kwenda kufundisha Jamaika, akapigwa marufuku kuingia nchi hiyo Oktoba mwaka huohuo, akarudi Dar es Salaam na kukaa hadi 1974. Walikuwepo pia John Saul kutoka Kanada na Giovanni Arrighi kutoka Italia. Kundi la wahadhiri wa mrengo wa kushoto lilidai kwamba kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa sayansi, asome historia ya jamii yake na jinsi umaskini wake ulivyotengenezwa. Dai hilo ndilo chimbuko la somo la Taaluma za Maendeleo, ambalo vizazi vya wanafunzi vimelisoma kwa hamu na vizazi vingine kwa sababu tu ni la lazima.

Hata hivyo siamini kwamba Rodney ndiye aliyewatengeneza. Novemba 1967 vijana wachache walianzisha University Students African Revolutionary Front, USARF, na mwenyekiti wake alikuwa Mganda aliyekuwa mwaka wa kwanza, Yoweri Museveni. Huyu hakugeuzwa na mhadhiri yeyote wa Dar es Salaam. Amesimulia mwenyewe kwamba aliichagua Dar badala ya Makerere kwa ajili ya siasa zake. Alikuja na njaa tayari. Mji uliokuwa unamsubiri ulikuwa na ofisi za vyama vya ukombozi vya FRELIMO, ANC, MPLA, SWAPO na vinginevyo, pamoja na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliyowekwa hapo tangu 1963. Mtu angeweza kupanda basi kutoka Mlimani na ndani ya saa moja akawa anazungumza na mpiganaji aliyetoka msituni mwezi uliopita. Mwaka 1968 Museveni na wenzake wachache walivuka hadi maeneo yaliyokombolewa kaskazini mwa Msumbiji, na safari hiyo ikawa msingi wa andiko lake kuhusu mwanamapinduzi Frantz Fanon na matumizi ya nguvu. Februari 1969 bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu lilimuua Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, jijini Dar es Salaam penyewe. Hakuna muhtasari wa somo unaoshindana na jambo kama hilo.

Makomredi, kama walivyoitana, walikuwa na darasa la itikadi kila Jumapili. Walisoma Marx, Lenin, Fanon na Nkrumah, wakabishana. Walialika wageni; Stokely Carmichael, mwanaharakati wa Weusi wa Marekani, alipopita mwaka 1967 aliwaacha wamewaka. Mwaka 1968 waliivuruga Rag Day, siku ambayo wanafunzi, kwa desturi iliyotoka vyuo vya Uingereza, walivaa matambara na kuzunguka mjini wakichangisha pesa za hisani. Kwa USARF ilikuwa kejeli: mtu anayelala kwenye shuka zinazofuliwa kwa kodi ya mkulima anajivika matambara ya mkulima huyo ili acheke. Wanafunzi wengi waliwachukia kwa kuwaharibia sherehe. Nalitaja hili kwa sababu siku hizi Mlimani ya miaka ile huelezwa kana kwamba kila kitanda cha bweni kililala mwanamapinduzi. Makomredi walikuwa wachache, na wenzao waliwaona wasumbufu.

Mwaka 1969 walitoa jarida lao, Cheche. Wahariri walikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati, pamoja na Henry Mapolu na Zakia Meghji. Hapakuwa na kiwanda wala mfadhili. Makala zilipigwa taipu kwenye stensili, kosa moja likifutwa kwa dawa ya rangi na kusubiriwa likauke. Kisha karatasi zikapita kwenye mashine ya kurudufu, zikapangwa kurasa kwa kurasa mezani na kubanwa pini kwa mkono. Wino ulibaki vidoleni. Aliyekuwa na zamu ya kupanga kurasa aliwahi kusoma makala yote vipande vipande kabla msomaji hajaiona, na naamini kazi hiyo ilijenga msimamo wa kisiasa kuliko mhadhara mzima. Unapolazimika kuirudia sentensi ya mwenzako mara mia kwa mikono yako, utaikubali au utaanza kuigombea.

Desemba 1969 Rodney alizungumza kwenye semina ya vijana jijini, akasema waziwazi kwamba uhuru wa nchi nyingi za Afrika uliishia kwenye mikoba ya viongozi. Gazeti la chama, The Nationalist, ambalo mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, likamjibu kwa tahariri kali iliyoyaita maneno yake porojo. Onyo likaeleweka: nyumba inakaribisha mazungumzo ya mapinduzi mradi mapinduzi yenyewe yawe ya kwa jirani. Kuhusu Ureno, Rhodesia na Afrika Kusini ungeweza kusema lolote.

Septemba 1970 Cheche ikavuka mstari huo. Ilitoa toleo maalumu lenye andiko refu la kijana wa sheria, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya Tanzania. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa kwamba kutaifisha mali si ujamaa iwapo mali hiyo inaangukia mikononi mwa warasimu wanaoishi kama mabwana. Hakuwa anawasema Wareno. Alikuwa anaisema Wizara. Novemba mwaka huo USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Walielezwa kwamba jina la jarida linadokeza itikadi ya kuazima kutoka Urusi, na kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unawatosha wanafunzi. Tawi la umoja huo Mlimani likaanzisha jarida lake, MajiMaji, na walioandika humo baadhi yao walikuwa walewale.

Ukiliangalia darasa lile la Jumapili kwa jinsi watu wake walivyotawanyika, nadharia ya kwamba mwalimu ndiye anayeumba siasa za mwanafunzi inakosa nguvu. Museveni alikwenda msituni, akaingia madarakani Januari 1986 na bado yumo. John Garang, aliyekuwa Dar akifanya utafiti baada ya kusoma Marekani, aliongoza vita vya Sudan Kusini hadi alipofariki kwa ajali ya helikopta mwaka 2005. Zakia Meghji alikuwa waziri wa fedha wa Serikali ya CCM, chama kilichorithi TANU. Shivji alibaki Mlimani na kufundisha sheria kwa miongo, akiikosoa serikali hiyohiyo. Hirji akawa profesa wa takwimu za tiba, na mwaka 2010 alichapisha kumbukumbu za Cheche. Walimsikiliza Rodney yuleyule. Rodney aliwapa msamiati. Walichoufanyia kila mmoja kilitokana na mahali alipokwenda kusimama baadaye.

Serikali haikuliona jambo hili. Iliendelea kuamini kwamba mwanafunzi mkorofi amepotoshwa na mtu, kwa hiyo dawa ni kumwondoa mpotoshaji au kumleta mwelekezaji mwema. Mwaka 1970 chuo kilipokuwa chuo kikuu kamili, Makamu Mkuu wa Chuo aliyeteuliwa alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka kwenye uongozi wa chama. Halafu Februari 1971, mwezi mmoja baada ya Idi Amin kumpindua Obote nchini Uganda, TANU ikatoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, makuu na uonevu, na ikawapa watu ruhusa ya kuyakataa. Chama kiliiandika kwa hofu ya mapinduzi ya kijeshi. Wafanyakazi viwandani waliisoma kama hati ya kuwashitaki mameneja. Wanafunzi waliisoma wakitazama jengo la utawala.

Julai 1971 rais wa chama cha wanafunzi, DUSO, Mkenya aliyeitwa Symonds Akivaga, alimwandikia Msekwa barua ya wazi akilaumu jinsi chuo kinavyoendeshwa bila kuwashirikisha wanafunzi. Polisi wenye silaha walipanda Mlimani, wakamkamata na kumrudisha Kenya. Wanafunzi waligoma, na safari hii komredi na mpenda sherehe walikaa upande mmoja. Ile nguvu ambayo USARF haikuipata kwa miaka mitatu ya madarasa ilipatikana kwa siku moja, mchana kweupe, na aliyeileta ni polisi.

Dawa iliyofuata ilikuwa ya kina zaidi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, iliamua kwamba kijana asiende tena chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Aende JKT, afanye kazi angalau miaka miwili, halafu aombe nafasi akiwa na barua za kumsifia kutoka kazini na kwenye chama. Wazo halikuwa la kijinga. Lilitambua kwamba mtu anafunzwa na maisha zaidi ya darasa, na lilileta Mlimani watu wazima wenye watoto na uzoefu wa kazi. Liliwaumiza wanawake kuliko wanaume. Idadi yao ikapungua kiasi kwamba ikabidi masharti yalegezwe kwao. Lakini ndani yake kulikuwa na matumaini ambayo hayakuandikwa: kwamba mtu aliyekwisha kuonja kazi, mwenye barua ya katibu wa tawi mfukoni, hatabeba bango.

Jumapili, tarehe 5 Machi 1978, akalibeba. CCM ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na mwezi mmoja. Serikali ilikuwa imeongeza mishahara na marupurupu ya mawaziri, wabunge na wakubwa wengine, wakati dukani mambo yalikuwa magumu. Wanafunzi wa Mlimani, wakiungana na wa vyuo vingine vya jijini, waliondoka kuelekea katikati ya mji kupinga nyongeza hiyo. Polisi wa kutuliza ghasia, FFU, waliwazuia njiani kwa virungu. Wapatao 350 walifukuzwa.

Hapa ndipo historia hii inaponikera. Mwaka 1966 wanafunzi walisema mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, wakiwa na ajenda yao binafsi nyuma yake, na Mwalimu akakubali na kukata wa kwake. Mwaka 1978 wanafunzi walisema maneno yaleyale, safari hii bila kujiombea hata senti, wakitumia lugha ambayo Azimio la Arusha na Mwongozo viliwafundisha, tena wakiwa ni watu waliochujwa na chama chenyewe kupitia Musoma. Wakapigwa. Wale wa 1966 walihukumiwa kwa kutokuwa wajamaa. Hawa walihukumiwa kwa kuusadiki ujamaa mbele ya watu waliokuwa wanauchoka. Wengi walikuja kurudishwa chuoni, lakini DUSO haikurudi. Mahali pake pakawekwa MUWATA, chombo cha wanafunzi kilichofungwa kwenye jumuiya ya vijana ya chama.

Kwa miaka kadhaa Mlimani haikusikika sana mitaani. Mijadala iliendelea semina kwa semina kuhusu tabaka, dola na ubeberu, lakini nje ya kuta hali ilikuwa ya foleni za sukari na baada ya 1986 masharti ya IMF. Ajira za serikali zikabanwa. Ule uhusiano wa zamani, wa dola kumsomesha kijana kwa pesa zake na kumngoja mlangoni na barua ya kazi, ukaanza kukatika. Na ulipokatika, siasa za wanafunzi zikabadilika nao, bila mhadhiri yeyote kubadilisha somo. Mwaka 1990 ulishuhudia mgogoro mkubwa: wanafunzi waligoma, wakitaka Rais Ali Hassan Mwinyi aje awasikilize, na Mei chuo kikafungwa hadi Januari 1991.

Utaratibu wa kuchangia gharama ulianza mwaka 1992, mwaka uleule vyama vingi vilipohalalishwa. Wazazi waliosomeshwa bure Mlimani wakaanza kuwatafutia watoto wao ada. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu hapo migomo mingi ya Mlimani imekuwa ya bumu, yaani posho ya wanafunzi, lililochelewa. Wapo wazee wa Cheche wanaoliona hili kuwa anguko, vijana kugomea posho badala ya ubeberu. Mimi siwalaumu vijana. Wa 1966 nao waligomea mshahara.